Kuinua reli au kuizamisha: Melbourne imejaribu njia zote mbili

Tangu 2015, serikali ya jimbo la Victoria, Australia, imekuwa ikiondoa mageti ya reli, yaani mahali barabara inapokatiza reli, mjini Melbourne. Barabara haiguswi sana. Mara nyingi reli ndiyo inayohama, ama juu ama chini.

Kati ya vitongoji vya Caulfield na Dandenong waliipandisha juu ya nguzo. Mageti 9 yakatoweka, na stesheni 5, zikiwemo Carnegie, Clayton na Noble Park, zikajengwa upya hewani, kazi ikakamilika 2018. Faida kubwa naiona chini ya daraja: ardhi iliyokuwa ya reli sasa ina njia za baiskeli, viwanja vya michezo na miti, na mtu anavuka upande wa pili popote anapotaka. Tena treni ziliendelea kupita kwa muda mwingi wa ujenzi. Majirani walilalamika kuwa abiria watawachungulia uani, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Ndiyo maana baadhi ya sehemu ziliwekewa kuta za kuzuia macho.

Vitongoji vya Ormond, McKinnon na Bentleigh vyenyewe vilichimbiwa mtaro wa kupitisha reli mwaka 2016. Mandhari ya mtaa haikuharibika, lakini reli ilifungwa kwa wiki kadhaa, na mtaro wenyewe bado unaugawa mtaa: unavuka penye daraja tu. Maji ya mvua nayo lazima yapigwe pampu.

Ningekuwa mkazi wa pale, ningechagua nguzo. Ila nyumba yangu isiwe ya kwanza kando ya reli.