Uzoefu wangu: kuseti darubini ya bunduki ya .22 (bunduki ndogo yenye mtutu wa karibu inchi 0.22) na kuchagua risasi za sungura

Mwenye haraka achukue hili: nunua risasi zinazokwenda chini ya kasi ya sauti, zenye tundu kwenye ncha, lakini boksi moja moja la aina tatu au nne kwanza. Ile ambayo bunduki yako itaipenda, seti darubini nayo kwa mita 50, halafu usiiguse tena. Mimi nimeishia kwa risasi za Eley Subsonic Hollow ndani ya bunduki yangu, CZ 457. Mwenye muda aendelee kusoma, kwa sababu bunduki yako inaweza kukataa kile ambacho yangu imekikubali.

Naishi mashariki mwa Uingereza, ukanda wa Breckland, pale Norfolk inapopakana na Suffolk. Ni ardhi ya mchanga, na sungura wana historia ndefu hapa. Wanormani, waliotoka Ufaransa wakaiteka Uingereza mwaka 1066, ndio walioeneza ufugaji wao kisiwani humu, na nje ya mji wa Thetford bado limesimama jengo la mawe lililojengwa karibu mwaka 1400, makazi ya mlinzi wa sungura wa watawa. Zamani hizo sungura alikuwa mali ya kulindwa na wezi. Siku hizi anatafuna shayiri changa na kutoboa mashamba, na sheria ya mwaka 1954 inamtaka mwenye ardhi awapunguze. Kwetu Tanga sungura wa porini hachimbi shimo, analala kwenye nyasi na ukimkaribia anachomoka. Huyu wa Ulaya anaishi chini ya ardhi na jioni hutoka kula karibu na mlango wake. Ukijua kukaa kimya utampata ametulia, mita 40 au 50, na kwa umbali huo .22 inatosha kabisa.

Habari za kibali sizirefushi. Kinatoka polisi, hudumu miaka 5, bunduki hukaa kwenye kabati la chuma, na bila ruhusa ya mwenye shamba huendi popote. Ila kuna jambo moja linalogusa mada yetu: kibali kinataja kiasi cha risasi unachoruhusiwa kununua na kuwa nacho kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kununua elfu za aina moja kwa kuwa ziko kwenye punguzo, kabla hujazijaribu, ni kujifungia mlango mwenyewe.

Bunduki yenyewe inatengenezwa Uherský Brod, Jamhuri ya Cheki. Ni ya bolti, yaani komeo unalolivuta na kulirudisha kwa mkono ili kuingiza kila risasi mtutuni; magazini yake inabeba 5. Ninachokipenda zaidi ni kwamba bolti inanyanyuka nyuzi 60 tu, basi vidole havigongi darubini hata ukiifunga chini. Kifyatulio unaweza kukirekebisha kikawa chepesi, na mtutu una nyuzi mbele za kufungia kiwambo cha kupunguza sauti. Sina zaidi ya kuisifia. Sasa tuje kwenye darubini, ambako ndiko watu wengi wanakopoteza risasi bure.

Anza na skrubu. Kabla ya kulaumu risasi au jicho lako, kaza vifungio vya darubini, vyote, kwa nguvu inayolingana, na hakikisha msalaba ndani ya darubini umesimama wima bunduki ikiwa imesimama wima. Msalaba ukiinama kidogo hutaona tofauti mita 50, lakini ukianza kufidia mbali zaidi risasi itakwenda pembeni bila wewe kujua sababu. Angalia pia darubini yako imetengenezwa kwa umbali gani. Nyingi za bunduki kubwa zimepangwa kwa yadi 100 au zaidi, na ukizitumia mita 40, ukisogeza jicho kidogo msalaba nao unasogea juu ya shabaha. Tafuta iliyopangwa kwa yadi 50, au ile yenye gurudumu la kurekebisha. Ukuzaji mkubwa si lazima. Mimi huiacha kwenye 6.

Halafu toa bolti nje. Weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, chungulia ndani ya mtutu ukitokea nyuma mpaka uone shabaha ya mita 25 katikati ya kiduara, kisha bila kuitikisa bunduki zungusha vitasa vya darubini mpaka msalaba uangukie papo hapo. Kazi ya dakika chache, na risasi yako ya kwanza itagusa karatasi badala ya kupotelea kwenye tuta la udongo lililo nyuma ya shabaha. Piga tatu kwa mita 25, rekebisha kwa makadirio, halafu hamia mita 50.

Mita 50 ndipo penye hesabu. Piga risasi tano kwa pumzi ileile, shavu likikaa palepale kwenye kitako, na usiguse kitasa katikati. Kinachorekebishwa ni kitovu cha kundi zima la matundu yale matano. Risasi moja iliyotoka nje haikuambii kitu. Darubini nyingi husogea robo ya dakika ya pembe (dakika ni moja ya sitini ya nyuzi moja) kwa kila kliki, yaani kama milimita 7 kwa mita 100. Kwa mita 50 ni nusu yake, milimita 3.6 hivi. Kundi likikaa sentimita 4 chini ya doa, ni kliki 11 kwenda juu. Nimeona watu uwanjani wakisoma namba iliyoandikwa kwenye kitasa, wanahesabu kliki tano au sita, wanapiga, bado chini, wanaanza kuituhumu darubini. Namba ile ni ya yadi 100.

Kiwambo cha sauti kikae mtutuni wakati wote wa kazi hii kama ndicho utakachowinda nacho. Kukifunga au kukifungua kunahamisha mahali risasi inapofika, wakati mwingine sana.

Na risasi ulizoseti nazo ndizo utakazowinda nazo. Hapa sina mzaha. Kwenye .22 pini inapiga ukingo wa ganda, humo ndimo kiwashio kilimo, na kichwa kinachoruka ni cha madini laini ya risasi yaliyopakwa nta au mafuta. Kila kiwanda kina nta yake. Ukibadilisha aina, mtutu bado umebeba nta ya jana, na makundi ya mwanzo yanatawanyika mpaka mpya itandike. Kwa hiyo nikijaribu boksi jipya, kumi za kwanza napiga tuta tu, bila kuangalia karatasi. Kwa sababu hiyohiyo siusugui mtutu kila jioni kama wanavyofanya wenye bunduki kubwa. Bunduki iliyosafishwa asubuhi hiyo siipeleki kwa sungura kabla haijapiga kadhaa.

Nilizojaribu kwa makini ni hizi. CCI Standard Velocity, greni 40 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), mita 326 kwa sekunde, kichwa cha mviringo kisicho na tundu. CCI Mini-Mag, greni 40 pia ila mita 376. CCI Stinger, greni 32, mita 500, hii ndiyo inayonguruma. Eley Subsonic Hollow, inayotengenezwa Birmingham, yenye kasi ya karibu mita 317. Na boksi moja la rahisi ambalo jina lake naliacha, maana huenda mtutu wa mwenzangu unalipenda.

Kwa karatasi, Eley na CCI Standard zilikuwa jirani sana: makundi ambayo sarafu ingeyafunika mita 50, na Eley mbele kidogo. Mini-Mag ilipanuka ila si vibaya, na ilifika karibu sentimita 3 juu ya zile za taratibu bila mimi kugusa kitasa. Stinger kwangu ilitawanyika. Lile boksi la rahisi lilikuwa na tabia ya kupiga nne pamoja na ya tano kuishusha, na mlio wake ulikuwa haufanani risasi hadi risasi. Kichwa cha sungura ni sentimita 4 au 5. Ya tano ndiyo inayomwacha mnyama na jeraha, akarudi shimoni kufia humo.

Mpwa wangu alikuja likizo akaniuliza, "Mjomba, si bora ile ya kasi? Inafika haraka, upepo hauipati." Ukiisikia unaikubali. Lakini kwa .22 mambo yamegeuka. Risasi inayotoka juu ya kasi ya sauti inapambana na ukinzani mkubwa wa hewa pale inaposhuka kuvuka kasi ile, inapoteza mwendo ghafla, na ni mwendo unaopotea njiani ndio unaoupa upepo nafasi. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukija ubavuni utaisukuma risasi ya taratibu kama sentimita 2 au 3 kwa mita 50 na 10 au zaidi kwa mita 100. Mini-Mag inasukumwa zaidi ya hapo, si pungufu. Faida yake ni kwamba haishuki sana kama ya taratibu ukivuka mita 60. Nikamwambia ajaribu mwenyewe siku ya upepo, akanyamaza.

Kuna na suala la mlio. Kiwambo kinameza mlipuko wa baruti lakini hakina la kufanya na ule mpasuko wa risasi inayovuka kasi ya sauti angani. Ukitumia Mini-Mag, sungura wote wa ukingo ule wanaingia chini kwa mpigo. Ukitumia ya taratibu, wa pembeni wananyanyua masikio, wanatazama, wengine wanaendelea kula. Na hapa ndipo Eley ilipoipita CCI Standard kwangu. Sauti haina kasi moja. Hewa ya nyuzi 20 inaibeba kwa mita 343 kwa sekunde, ya nyuzi sifuri kwa mita 331. Asubuhi ya Januari, risasi iliyoandikwa mita 326 iko ukutani kabisa, na kwa kuwa risasi hazilingani kasi, moja moja inapasua. Kwenye mita 317 unabaki na nafasi ya kupumua hata kwenye barafu. Kwa mazoezi, hata hivyo, CCI Standard naiheshimu sana na bado naitumia, ila baada ya hapo lazima nirudi kuhakiki Eley kwenye karatasi kabla ya shamba.

Ukiseti mita 50 kwa risasi ya taratibu, na darubini ikiwa sentimita 4 hivi juu ya mtutu, mita 25 itapiga zaidi ya sentimita moja juu, jambo lisilokusumbua. Mita 10 inapiga chini kidogo. Mita 60 imeshuka sentimita 2 au 3. Mita 75 ni sentimita 8 au 9, na mita 100 imeshuka zaidi ya 20. Tazama jinsi inavyoporomoka baada ya 60. Kosea kukadiria umbali kwa mita 10 ukiwa kwenye 40, hakuna kitu. Kosea mita 10 hizohizo ukiwa kwenye 80, umemvunja mguu. Mwisho wangu ni mita 60, na siku ya upepo narudi 45. Kifaa cha kupimia umbali kwa leza kimenisaidia kuliko darubini ya bei kubwa.

Nyuma ya sungura lazima kuwe na udongo. Risasi ndogo isikudanganye, inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, na zile za taratibu zina ugonjwa wa kuruka zikigusa jiwe, maji au ardhi ngumu iliyoganda. Breckland imejaa mawe ya gumegume. Ile yenye tundu kwenye ncha inapanuka na kubaki zaidi kuliko ya mviringo, hiyo ni sababu nyingine ya kuiacha CCI Standard uwanjani. Sungura akisimama juu ya kilele cha tuta na nyuma yake ni anga, mwache.

Kuhusu nyama. Mimi ni Muislamu wa madhehebu ya Shafii na kwetu sungura ni halali, ipo hadithi mashuhuri ya Anas kuhusu paja la sungura lililopelekwa kwa Mtume. Ndugu zetu Ithnaasheri hawamli, basi ukialika watu uliza kwanza. Kuhusu mnyama aliyekufa kwa risasi masheikh wamekhitilafiana, wengi wa zama hizi wanajuzisha maadamu imepenya na ulitaja jina la Mwenyezi Mungu ulipofyatua. Mimi nasoma Bismillahi kidole kikiwa tayari, na nikimkuta bado ana uhai namchinja. Kisu kinakaa kiunoni, si kwenye gari. Napiga kichwa kwa sababu hiyo pia: risasi yenye tundu ikipanuka kifuani inaharibu mabega yote mawili na kumwaga vipande vya risasi kwenye nyama.

Watu wananiuliza kuhusu .17 HMR, aina nyingine ya risasi nyembamba kuliko .22 yenye bunduki zake, iliyotoka mwaka 2002. Ina greni 17, mita 777 kwa sekunde, inakwenda karibu bila kushuka mpaka mita 100 na kupita. Kama shamba lako ni wazi na sungura wameshajifunza kukaa mbali, ichukue. Lakini inapasua anga kila ukifyatua, haina ya taratibu ya kuibadilisha nayo, na risasi zake ni ghali zaidi kuliko hizi. Mzee mwenye shamba ninapowinda ana farasi kwenye uzio wa jirani. Alichoniomba tangu mwanzo ni kelele kidogo, na .22 ndiyo inayonirudisha pale kila msimu.