Tahadhari: tiketi ya "moja kwa moja" Dar–Lubumbashi inayoishia Tunduma

Jirani yangu wa duka pale Kariakoo alinionyesha tiketi yake juzi, ana furaha kapata basi la Lubumbashi bila kushuka njiani. Nikaigeuza nyuma. Kalamu ya bluu, herufi kubwa: LUBUMBASHI IMELIPWA. Mwandiko uleule ulionilaza kwenye baridi ya Mpika, huko Zambia, mwezi wa sita. Nilikuwa nimeshanyamaza kwa aibu, nikijua yalinikuta mimi tu kwa uzembe wangu. Kumbe biashara inaendelea.

Wanavyofanya ni hivi. Stendi ya Magufuli, Mbezi, kabla hujafika madirishani anakudaka kijana ana kitambulisho shingoni na kitabu cha risiti mkononi. Ukitaja Lubumbashi tu, gari lipo, linavuka, hushuki mpaka Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Nikalipa laki mbili. Akaenda dirishani, akarudi na tiketi ya mashine, halali kabisa: jina langu, kiti, namba ya gari. Mwisho wa safari pameandikwa Tunduma, yaani mpakani na Zambia, upande wetu. Nikauliza. Akacheka, akasema mashine za huku haziandiki vituo vya nje ya nchi, akaigeuza akaniandikia yale maneno ya bluu kwa mkono wake. Na mimi mtu mzima, nimepeleka nguo za watoto Kongo miaka kadhaa (nilizoea kupanda na mizigo kwenye lori la mtu ninayemjua), nikasema asante.

Nauli ya kweli ya kufika Tunduma ni sehemu ndogo ya hela ile. Iliyobaki ni yao.

Sisemi mabasi yote ni ya uongo. Yapo yanayovuka kweli, unapanda Dar na unaingia Zambia na gari lilelile. Ila swali hilo usimuulize mpiga debe wala mwenye kitabu cha risiti. Nenda kwenye mlango wa gari, muulize dereva au konda: hili linavuka Nakonde, upande wa Zambia? Yeye ndiye utakayemlilia Tunduma, hana sababu ya kukudanganya. Mimi nilimuuliza konda tukiwa tumeshapita Makambako. Akanitazama kwa huruma, akaniambia, "Mama, sisi mwisho wetu Tunduma."

Tumeshuka pale saa nne na ushee asubuhi. Sijatoa hata begi kwenye buti, kijana kaja mbio kanitaja kwa jina langu lote. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, moyo ukatulia. Mtu anajua jina langu, kaniamkia kwa adabu, kabeba begi, si ndiye mwenyeji wangu? Jina alitumiwa na mwenzake wa Mbezi, basi. Akasema gari la upande wa pili linatoka saa tano, nimpe tiketi akanibadilishie wakati mimi nagonga muhuri. Nikatazama simu, saa tano kasoro kumi. Nikampa, nikakimbia.

Zambia saa iko nyuma yetu kwa saa moja. Kule ilikuwa saa nne kasoro kumi, na basi lenyewe, nilikuja kuambiwa, linaondoka saa kumi jioni ya kwao. Nilikuwa na muda wa chai, wa supu, na wa kumkazia macho yule kijana. Haraka yote ile aliitengeneza yeye.

Pale mpakani maafisa wa nchi zote mbili wako pamoja siku hizi, kazi haichukui muda. Kwenye foleni alipita mwingine anakusanya pasipoti, "nawagongeshea haraka, mnichangie kidogo." Usitoe. Mtanzania anayekwenda Zambia kutembea au kupita hatakiwi viza, na muhuri haulipiwi. Hiyo angalau nilikuwa naijua. Nilipotoka, begi langu lilikuwa limewekwa vizuri kando ya ukuta, halijaguswa. Kijana na tiketi hawakuwepo. Hawaibi mizigo hao, naona wanajua mzigo ndio unaomfanya mtu apige kelele.

Konda wa basi la Zambia hakuwa na jina langu. "Bamayo, tiketi?" Nikamweleza habari ya Mbezi, akawaita wenzake waje wasikie, wakawa wanaulizana kwa Kibemba na kucheka, si kwa ubaya. Wameizoea. Nikalipa upya mpaka Kitwe.

Sasa hapo kwenye kulipa upya ndipo wanapokusubiri wale wa kuchenji. Abiria mwenzangu, kijana wa Kolwezi, alibadilisha shilingi zake nje, akapewa noti za kwacha 50,000. Akaziona za kawaida. Na kweli, mtu aliyezoea shilingi na faranga, elfu hamsini ina ajabu gani? Zambia ilikata sifuri tatu mwaka 2013, noti zile za maelfu ni karatasi za kufungia karanga. Konda alipomrudishia alikaa chini kwenye ngazi ya basi, anasema tu, "Banatuibia, mama, banatuibia." Badilisha ndani, dukani, hesabu mwenyewe mara ya mwisho kabla hela haijakunjwa, na mtu akiichukua tena "aihakikishe", anza upya kuhesabu.

Uongo wa mwisho wa Mbezi ulikuwa wa saa. Niliahidiwa kwamba tukitoka mpakani tunakwenda usiku kucha, asubuhi niko Lubumbashi. Sisi huku tumezoea, mabasi yanatembea usiku tangu 2023. Zambia walizuia mwaka 2016, basi la abiria halitakiwi barabarani kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri. Tulisimama Mpika. Mwezi wa sita, Mpika, na mimi nina khanga mbili. Chakula sikununua kwa kuwa kwacha zote zilikwenda kwenye nauli. Kwa hiyo mtu yeyote akikuahidi utakatisha Zambia nzima usiku mmoja kwa basi, huyo ama hajawahi kupita ama ameshaamua kukuuza.

Kitwe nikapanda gari dogo la Chingola, Chililabombwe, mpaka Kasumbalesa. Huko nako, kabla ya jengo, mwanaume kavaa koti jeupe kaomba kadi ya manjano. Yangu ni ya 2012. Akatikisa kichwa, imepita miaka kumi, dola ishirini nichanjwe palepale. Ukiona hivyo ujue: tangu 2016 chanjo ya homa ya manjano inahesabiwa ya maisha, kadi ya zamani haiishi muda. Nikamwambia twende ndani kwa mkubwa wake tukaongee. Akakumbuka ana kazi nyingine.

Niliporudi Dar nilikwenda kwenye ofisi yenyewe ya lile basi. Wakatazama upande wa mbele wa tiketi kwenye picha niliyopiga kabla sijaitoa, wakakiri kiti ni chao. Nyuma wakasema si mwandiko wa kwao. Sina ubishi nao, inawezekana kabisa kijana hawamjui. Ila anasimama hatua ishirini kutoka dirisha lao.

Kama umeshalipa na hujasafiri, soma mahali pa kushukia kwenye tiketi ya mashine. Hiyo ndiyo safari uliyonunua, maandishi ya kalamu si kitu. Piga picha pande zote mbili, mtafute aliyekuuzia, nenda na askari wa stendi, na uende kabla ya siku ya safari. Gari likishatoka Mbezi simu yake haipatikani. Kama hujalipa, kata ya Tunduma dirishani, na ya Zambia ukaikate mwenyewe Nakonde.

Jirani yangu alikwenda jana na mume wake. Kijana alikuwepo palepale, na kitabu chake. Wamemrudishia laki moja na themanini, ishirini wamesema ni ya usumbufu.