Uzoefu wangu: kupimwa sukari kwenye kliniki ya meno, Kigoma

Nilikwenda katika kliniki moja ya meno maeneo ya Mwanga, Kigoma mjini, kwa sababu ya jino la nyuma lililolegea na fizi zilizotoka damu kila nilipopiga mswaki. Kabla ya kunitazama kinywa, tabibu aliniuliza kama kwenye ukoo wetu kuna wenye kisukari, kama ninaamka mara kwa mara usiku kwenda haja ndogo, na nilikula saa ngapi mara ya mwisho. Kisha akaniomba ninawe mikono kwa sabuni, kwa maelezo kwamba mtu aliyetoka kumenya embe hubaki na utamu vidoleni, na kipimo kikasoma juu bila sababu. Alinichoma ubavuni mwa kidole, mahali pasipouma sana kama kwenye ncha, na baada ya sekunde chache mashine ikaonyesha 13.4 (milimoli kwa lita ya damu).

Ninaisifu huduma hii hasa kwa namna alivyolitumia jibu hilo. Hakukurupuka kuniambia kwamba nina kisukari. Alinieleza kuwa kipimo cha papo hapo, bila kujali umekula saa ngapi, hutia shaka kikifika 11.1, hasa kwa mwenye dalili, lakini uthibitisho hutafutwa kwa kupima asubuhi kabla ya kula, ambapo 7.0 au zaidi huhesabiwa kuwa kisukari, au kwa HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, ambacho mpaka wake ni asilimia 6.5. Kwa kuwa sikuwa na uvimbe wala usaha, aliahirisha kung'oa, akanisafisha ugaga hadi chini ya fizi na kuniandikia barua ya rufaa. Angekuta jipu, alisema, asingeliacha, kwa kuwa maambukizi nayo hupandisha sukari.

Hospitali walithibitisha, nikaanzishiwa metformini, dawa ya vidonge ya kushusha sukari. Ninatamani watu wengi walijue hili: sukari ikiwa juu, fizi huugua kwa urahisi na kidonda huchelewa kufunga, na fizi zikiugua, sukari nayo huwa ngumu kudhibiti. Tafiti zimeonyesha kuwa kutibu fizi kwa mgonjwa wa kisukari huweza kushusha HbA1c kwa karibu nusu asilimia ndani ya miezi michache. Hayo hayaondoi haja ya dawa wala ya kupunguza sukari kwenye chai, lakini si jambo dogo.

Siku ya kung'oa nilipangiwa asubuhi, na niliulizwa kama nimekunywa chai na kumeza dawa. Wapo wanaodhani ni lazima kwenda kwa daktari wa meno na njaa. Kwa anayetumia insulini hilo ni hatari, kwa sababu sukari inaweza kushuka chini ya 4 akiwa bado kitini. Kidonda changu kilifunga vizuri.

Sikupendezwa na mhudumu wa mapokezi aliyetaja jibu langu kwa sauti mbele ya wagonjwa wengine. Siri ya mgonjwa ni haki yake, hata kama ni namba tu. Aidha, niliporudi kuangaliwa, vijiti vya kupimia vilikuwa vimekwisha. Anayekusudia kwenda apige simu kwanza aulize kama vipo, na jibu lake aombe liandikwe kwenye kadi.