TAHADHARI: "Kalsiamu na salfa mfuko mmoja" inayozungushwa Mbeya ni jasi tupu

Wenye vitalu vya haidroponiki (kilimo bila udongo, mimea hulishwa mbolea iliyoyeyushwa majini), kuanzia Tukuyu na Uyole mpaka Mafinga, yule muuza mbolea mnayemjua bado anazunguka. Msimpe hata shilingi.

Anavyowapiga watu ni hivi. Anaomba glasi ya maji safi, anachota unga mweupe kwa ncha za vidole, anatia, anakoroga huku maneno hayamkauki mdomoni. Unga unapotea. Kisha anachovya kipimo chako mwenyewe cha EC (jinsi maji yanavyopitisha umeme), namba inapanda, anakutazama: "Umeona?" Nani asingeamini? Mfuko umechapwa 15.5-0-0, namba za mbolea ya kalsiamu naitreti, umeshonwa kama wa kiwandani, na kipimo ni chako. Waliopigwa si wajinga, waache kuona haya.

Jasi, yaani kalsiamu salfeti, huyeyuka kama gramu 2 tu kwa lita. Kile kiasi cha vidole hakifiki hapo, ndiyo maana kinapotea. Na EC hupima wingi wa chumvi, haisemi ni chumvi gani. Sasa tia kilo 10 kwenye tangi A, lile la mchanganyiko mzito wa kalsiamu, la lita 100: karibu yote inalala chini, na chembe zinazopita zinaziba driperi, vile vitundu vya kudondoshea maji. Kalsiamu naitreti ndiyo inayobeba kalsiamu na sehemu kubwa ya naitrojeni, kwa hiyo majani ya chini yanageuka njano, ncha za majani machanga ya saladi zinaungua, nyanya zinaoza kitako. Mtu anahangaika kupulizia dawa ya ukungu, kumbe mmea una njaa. Huu ni wizi wa msimu mzima! Mtu huyu apelekwe mahakamani, asibembelezwe arudishe hela kimyakimya.

Kalsiamu naitreti halisi ina kalsiamu asilimia 19 hivi na haina salfa kabisa. Ukiichanganya ikiwa nzito na salfeti yoyote, jasi inajitengeneza humohumo. Ndiyo maana salfa huingia tangi la pili, B, kwa chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti) au potasiamu salfeti. Anayeahidi zote mbili kwenye tangi moja zito anadanganya. Salfa ya njano ya kupulizia korosho nayo haiyeyuki, msiuziwe.

Kabla ya kulipa, tia gramu 100 kwenye lita 1. Halisi inayeyuka, na chombo kinakuwa baridi mkononi. Ubaridi peke yake usikudanganye, CAN, ile mbolea ya kukuzia mahindi, nayo inapoza maji. Idondoshee siki, ikitoa mapovu ina chokaa. Punje za halisi zikiachwa wazi zinalowa, jasi inabaki kavu. Lebo bila usajili wa TFRA, mamlaka ya kudhibiti mbolea Tanzania, ondoka.

Wenye mifuko yake msiitupe. Tunzeni lebo, risiti na nusu kilo ya unga, tupeleke TFRA kwa pamoja. Afungwe huyu, na anayempigia chapa mifuko afungwe naye.