HEC-RAS na makazi ya mbasa: tathmini baada ya kiangazi kimoja Mto Kiwira

Kiangazi kizima nimeitumia programu ya HEC-RAS kukadiria makazi ya mbasa katika kipande cha Mto Kiwira upande wa Kyela, na kwa kuwa wenzangu kadhaa wa fani ya maji hapa Mbeya wameniuliza kama inafaa, nimeona niandike kwa kirefu. Jibu la haraka ni kwamba inafaa, mradi anayeitumia akumbuke kuwa ilitengenezwa na kikosi cha wahandisi wa Jeshi la Marekani kwa ajili ya kuhesabu mwendo wa maji mtoni, na kuhusu samaki haijui lolote mpaka aambiwe.

Mbasa ni samaki wa Ziwa Nyasa ambaye, mvua zinapoijaza mito, huliacha ziwa na kupanda juu kutafuta changarawe safi yenye maji yanayotembea ili atage. Tulichotaka kujua ni eneo kiasi gani la sakafu ya mto linamfaa maji yanapokuwa ya kiasi fulani. Swali hilo lina uzito wa kisheria pia, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka itengwe akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mto wenyewe, hata pale ambapo waombaji wa vibali vya umwagiliaji wamepanga foleni.

Programu hupakuliwa bure na hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida yenye Windows. Tangu toleo la 5.0 la mwaka 2016 inaweza kufuatilia maji yanavyoteremka na mto na pia yanavyotawanyika kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kwa samaki jambo hilo ni kubwa, maana mbasa hatagi katika wastani wa mto. Hutaga kwenye mkono mmoja wa mto, pembeni ya fungu moja la changarawe. Mto hugawanywa katika visanduku vidogo, na kwa kila kisanduku unapata kina na kasi. Toleo la 6 limeongeza kikokotoo ndani ya sehemu yake ya ramani, kwa hiyo alama za makazi unaweza kuzihesabu humo humo bila kuhamia programu nyingine.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kina, kasi na aina ya sakafu hupewa kila kimoja alama kati ya 0 na 1, kisha alama hizo huzidishwa. Kisanduku cha mita 4 za mraba chenye alama 0.8 ya kina, 0.5 ya kasi na 1 ya changarawe hupata 0.4, kwa hiyo huhesabiwa kuwa na mita 1.6 tu za mraba zinazofaa. Kikiwa na tope tupu, alama ya sakafu ni 0 na chote hutupwa, hata kina kingekuwa kizuri namna gani. Ukijumlisha visanduku vyote na kurudia kwa viwango mbalimbali vya maji, unapata mchoro unaopanda, unaofika kilele, kisha unaoshuka, kwa sababu maji yakizidi, kasi humchosha samaki. Kwa Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka nyakati za kiangazi ndani ya hifadhi, mchoro huo huanzia kwenye sifuri isiyohitaji kompyuta.

Taabu iko kwenye upimaji. Kwa uvivu, tulianza na ramani ya bure ya satelaiti yenye vipimo vya kila mita 30, na katika mto ambao upana wake haufiki hata hapo, matokeo yakawa mlolongo wa madimbwi na mahali pawili ambapo maji yalitakiwa kupanda kilima. Ikabidi tuingie majini na fimbo ya kupimia, ukingo hadi ukingo, kwa siku nyingi, tukiwa na mashine ya kukodi kutoka duka moja la mjini ambayo betri yake ilikata roho kila ilipokaribia saa sita mchana. Kasi tuliipima kwa kukiteremsha kipimo hadi asilimia 60 ya kina kutoka juu, ambapo kwa kawaida hupatikana kasi ya wastani. Wastani huo ndio unaotolewa na modeli pia, yaani mto wa kuigiza ndani ya programu, ilhali samaki hujibanza karibu na sakafu, nyuma ya jiwe, ambako maji ni ya polepole zaidi. Aidha kigezo cha Manning, yaani namba inayoeleza jinsi sakafu inavyoyazuia maji, hubadilika sana maji yanapopungua na mawe kuanza kuchomoza. Namba moja haiwezi kutumika kwa Januari na Oktoba.

Kosa letu kubwa lilifichuliwa na mvuvi mmoja mzee. Baada ya kumwamkia shikamoo nilimwonyesha ramani kwenye skrini, akaitazama kimya, kisha akaweka kidole penye rangi nyekundu, yaani mahali pasipofaa: “Mwanangu, hapa ndipo tunapowapata kila mwaka. Nani amekwambia hawapapendi?” Aliyeniambia ni samaki wa Marekani. Alama za kasi tulikuwa tumeziazima kwenye majedwali ya trauti, ambayo yanapatikana kwa wingi, na modeli ilizipokea bila kusita. Tulikaa na wavuvi watatu ufukweni, wakatuonyesha kwa magoti na viuno vyao kina cha maji mahali wanapoona mbasa wakitaga, tukapanga alama upya.

Ramani ya sasa inakaribiana na wanayoyasema wavuvi, lakini siipeleki kwa yeyote anayegawa vibali, kwa kuwa vipimo vyote ni vya kiangazi na mbasa hupanda wakati wa mvua. Alama ambazo maji ya masika yameziacha kwenye nguzo za daraja tumezipima; kasi ya masika bado, na hiyo haipimwi kwa kusimama mtoni.