Shughuli za ziada katika chuo cha sixth form Uingereza: uzoefu wangu wa miaka miwili

Binti yangu alipokea matokeo yake ya A-level, mitihani ya kumalizia ngazi ya kidato cha sita, mwezi wa Agosti 2025, baada ya miaka miwili katika chuo kimoja cha sixth form kilichoko katikati ya Uingereza, na kwa kuwa mdogo wake naye anakaribia kuchagua mahali pa kusoma, nimeona niandike niliyoyashuhudia kuhusu jambo lililotuvuta hadi tukakipenda chuo hicho, yaani shughuli za ziada. Jina la chuo sitalitaja, kwa sababu ninayo manung'uniko, na wapo walimu pale waliotutendea wema ambao sipendi waudhike. Nikitakiwa kutoa nyota, natoa 4 kati ya 5, na hiyo moja iliyopungua nitaieleza ilikopotelea.

Kwa wasomaji walioko nyumbani, chuo cha namna hii ni sawa na kidato cha tano na cha sita, ila kinajitegemea na hakimo ndani ya sekondari. Wanafunzi ni vijana wa miaka 16 hadi 19, hawavai sare, hawalali bwenini, na huwaita walimu kwa majina yao ya kwanza, jambo ambalo mpaka leo linanikwaruza masikioni. Wengi huchukua masomo 3. Ada hakuna kwa anayeanza akiwa hajatimiza miaka 19, kwa sababu serikali ndiyo inayokilipa chuo, na kwa mwanafunzi wa muda wote mwenye miaka 16 au 17 malipo hayo huhesabiwa kwa msingi wa angalau saa 580 za mpango kwa mwaka, ambamo shughuli za ziada nazo zimo. Hili nalitaja mapema kwa sababu nilikaa karibu mwaka mzima nikidhani kwamba chuo kinatufanyia hisani kwa kuwa na vyama na safari, kumbe ni sehemu ya kazi yake.

Mimi nilisoma mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) huko Tanga, na shughuli yetu ya ziada ilikuwa jembe. Jumamosi tulikwenda shamba la shule kwa jina la Elimu ya Kujitegemea, na siku moja ya juma palikuwa na mdahalo. Shamba sikulipenda, lakini mdahalo ndio ulionifundisha kusimama mbele ya watu bila magoti kugongana, kwa hiyo nilipoiona orodha ndefu ya vyama na mashindano katika kijitabu cha chuo, sikuichukulia kuwa mapambo. Usiku wa kwanza wa wazazi tulitembezwa kwenye ukumbi wenye picha za waliofuzu: huyu wa olimpiadi ya fizikia, wale waliokwenda Oxford na Cambridge, timu ya mpira wa kikapu yenye kombe. Binti yangu alisimama mbele ya picha hizo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Wiki ya pili ya masomo alijiandikisha shughuli 6, na kufikia Novemba zilikuwa zimebaki 3.

Ya kwanza ilikuwa shindano la hisabati la taifa kwa wanafunzi wa ngazi yao, lenye maswali 25 ya kuchagua jibu yanayofanywa kwa dakika 90, ambalo ukikosea swali unapunguziwa alama. Alipata cheti cha shaba. Hakukithamini sana, nami sitakipamba zaidi ya alivyokiona mwenyewe.

Ya pili ilikuwa Tuzo ya Duke of Edinburgh, ngazi ya dhahabu. Mpango huu ulianza hapa mwaka 1956, na Wakenya wataitambua kwa ndugu yake wa kwao, Tuzo ya Rais. Ngazi ya dhahabu inamtaka kijana ajitolee kwa jamii miezi 12, afanye mazoezi ya mwili na ajifunze ujuzi fulani, kimoja kwa miezi 12 na kingine kwa miezi 6, aende msafara wa siku 4 wa kulala nje, kisha akae siku 5 na watu asiowajua wakifanya kazi ya pamoja. Asiyepitia ngazi ya fedha huongezewa miezi 6, na binti yangu alikuwa miongoni mwa hao. Kujitolea alikufanya kwenye madrasa ya mtaani kwetu, akiwasomesha watoto wadogo Jumamosi asubuhi. Ustadhi, ambaye hakuwa amewahi kusikia habari za Duke yeyote, alitakiwa kuandika ripoti mtandaoni kama msimamizi, na aliniuliza mara tatu kama jambo hilo halina madhara kwa madrasa. Mwishowe aliandika aya moja nzuri, akasema kwamba mtoto huyu ana subira kumzidi yeye mwenyewe, na chuo kikaipokea.

Msafara ulikuwa Peak District, eneo la vilima katikati ya Uingereza, na kabla yake kulikuwa na safari ya mazoezi iliyonyeshewa mvua tangu mwanzo hadi mwisho. Hema na mkoba mkubwa wa mgongoni chuo kiliwaazima bila malipo, jambo ninalolishukuru, maana bei za vitu hivyo dukani zilinitoa jasho. Buti tulinunua zilizokwisha kuvaliwa. Usiku wa kuamkia safari tuliuweka mkoba juu ya mizani ya bafuni ukasoma kilo 15, ilhali waliambiwa mzigo usizidi robo ya uzito wa mbebaji, na yeye ana kilo 52. Tukaanza kutoa kimoja kimoja: sufuria ya pili, sweta, kitabu, taulo kubwa, nusu ya mchele. Kitu kimoja alikataa kabisa kukitoa, nacho ni kikopo cha achari ya embe aliyoletewa na shangazi yake. Nilimwambia kwamba anabeba uzito wa bure. Aliporudi, uso umeungua na upepo na buti zimejaa matope, jambo la kwanza alilonisimulia halikuwa mlima wala ramani, ilikuwa jinsi wasichana watano wa kundi lake walivyogombania kikopo hicho usiku wa tatu juu ya wali uliopikwa ukabaki na kiini. Hao watano ndio marafiki alio nao mpaka sasa, na wote hawakuwa wakisalimiana naye kabla ya hapo.

Shughuli ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Ni mradi wa utafiti wa kujitegemea unaojulikana kwa kifupi kama EPQ, ambao mwanafunzi huchagua swali lake mwenyewe, hulifanyia kazi kwa takriban saa 120, ambazo ni 30 tu za kufundishwa, huandika ripoti ya maneno kama 5,000, hutunza daftari la hatua zote alizopitia, kisha hulitetea mbele ya hadhira. Alama zake hufikia nusu ya somo moja la A-level katika hesabu za kuingilia chuo kikuu: A ya EPQ ni pointi 24, na A ya somo kamili ni 48.

Binti yangu alichagua mkonge wa Tanga. Alitaka kujua kama zao hilo liliangushwa na nyuzi za viwandani au na utaifishaji wa mwaka 1967. Sikumshawishi, ingawa marehemu baba yangu alikuja Tanga kama manamba, yaani kibarua wa mkataba katika mashamba ya mkonge, na akafia huko. Alianza na habari ambazo mimi mwenyewe sikuwa nikizijua: kwamba mkonge uliletwa mwaka 1893 na Dk. Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida ikafika hai 62 tu, na kwamba mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Kisha akaanza kumpigia bibi yake kwa simu ya video kila Jumapili. Mama yangu anakaribia miaka 80, na kwanza alidhani anasumbuliwa na maswali ya shule, lakini alipoulizwa kuhusu kipande, ile kadi iliyowekwa alama kwa kila siku ya kazi mpaka zitimie 30 ndipo mtu alipwe, alikaa sawa kitini. Alieleza jinsi babu alivyokuwa akikificha kipande ndani ya mto ili kisilowe. Mambo hayo hakuwahi kunisimulia mimi, mwanawe, kwa miaka yote hiyo, na nilikuwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi nikisikiliza kama mgeni.

Mwalimu msimamizi alifanya kazi yake kwa namna niliyoipenda. Haruhusiwi kumwandikia wala kumpa majibu, na hakufanya hivyo, ila alimrudishia rasimu ya kwanza na swali moja tu pembeni ya maneno ya bibi: umejuaje kwamba anakumbuka sawasawa? Binti yangu alikasirika siku nzima, akaona bibi yake ametukanwa. Kesho yake alianza kutafuta takwimu za bei ya mkonge duniani mwaka kwa mwaka, akakuta kwamba bei ilikwisha kuporomoka kabla ya serikali kuyachukua mashamba, sawa na bibi alivyosema kwamba njaa ilianza kabla ya bendera kubadilishwa kwenye ofisi ya shamba. Siku ya utetezi wazazi hawakaribishwi rasmi, lakini alinirudia utetezi wote nyumbani, na swali lile lile liliulizwa tena na mtu mwingine, safari hii binti yangu akiwa na jibu.

Sasa nyota iliyopotea. Mafunzo ya msafara yalifanyika Jumatano alasiri na kumalizika saa kumi na moja kamili jioni, na basi la kuja upande wetu huondoka saa kumi na moja na dakika tano, kutoka kituo kilichoko mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Linalofuata huja baada ya karibu saa nzima. Nilipoandika barua kuomba wamalize robo saa mapema, nilijibiwa kwa adabu kwamba wanafunzi wengi huchukuliwa na wazazi wao kwa gari. Labda ni kweli. Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee na zamu yangu huisha saa mbili usiku, na majira ya baridi binti yangu alisimama gizani kituoni kila Jumatano. Rafiki yake wa karibu, anayefanya kazi dukani Jumatano na Jumamosi ili asaidie kwao, hakushiriki shughuli hata moja katika miaka yote miwili, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Halafu kuna kundi maalumu la wanaoandaliwa kwa Oxford, Cambridge na udaktari, lenye wageni wake, safari zake na mahojiano yake ya mazoezi. Mlango wake ni wastani wa matokeo ya GCSE, mitihani ya miaka 16, na binti yangu aliukosa kwa sehemu ndogo. Sipingi kuwe na kipimo. Ninalolilalamikia ni kwamba picha za ukutani karibu zote hutoka katika kundi hilo, kwa hiyo mzazi anayeangalia ukuta haoni chuo kimewafanyia nini wale walioingia wakiwa wa kawaida. Jina la binti yangu lilitangazwa mara moja tu, katika orodha ya vyeti vya shaba, na lilikosewa herufi mbili.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Upo mfuko wa msaada kwa vijana wa miaka 16 hadi 19, ambao kwa makundi machache, kama vile waliolelewa chini ya uangalizi wa serikali, hufikia pauni 1,200 kwa mwaka, na wengine husaidiwa kwa kadiri chuo kitakavyoamua. Sisi tulipata pasi ya basi, lakini tuliijua habari hiyo Januari kwa kusikia kwa jirani. Mzazi mwenzangu aulize Septemba, kwa maandishi.

Tarehe 14 Agosti 2025, saa mbili asubuhi, tulikuwa watatu juu ya kitanda kimoja tukiangalia simu. Chuo kikuu alichokitaka kilikuwa kimempa masharti ya aina mbili kwa masomo yake matatu: alama za AAB, au ABB endapo angekuwa na A ya EPQ. Alipata ABB na hiyo A. Kwa maneno mengine, aliingia kwa mlango uliofunguliwa na bibi yake na mkonge.

Wanaoomba chuo kikuu sasa wana fomu tofauti na yake. Kuanzia maombi ya kuingia mwaka 2026, maelezo binafsi yamegawanywa katika maswali 3, na la tatu linauliza moja kwa moja mwombaji amefanya nini nje ya masomo na kumemfaa vipi. Napenda kwamba swali hilo halisemi lazima awe amepanda mlima. Yule rafiki wa dukani angekuwa na ya kuandika, kama angetokea mwalimu wa kumwambia kwamba kufunga hesabu ya duka akiwa na miaka 17 nako kunahesabika.

Msimu huu nilirudi chuoni kwa usiku wa wazazi, safari hii na mdogo wake, ambaye anapenda zaidi kompyuta kuliko matope. Tulitembezwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye beji kifuani, kijana mchangamfu aliyekariri mafanikio yote ya mwaka uliopita. Tulipofika kwenye ukuta wa picha nilimuuliza kama shughuli za Jumatano bado huisha saa kumi na moja. Alisema ndiyo, kisha akatazama saa yake, akatuomba radhi, akatuelekeza maabara ilipo, na kuondoka mbio, kwa kuwa basi lake nalo ni lile la dakika tano.