KASAN kazini: tathmini ya chombo cha kunasa kumbukumbu inayoguswa baada ya kuachiliwa

Kasoro ngumu kuliko zote nilizokutana nazo katika kuandika viendeshi vya Linux (programu zinazoendesha vifaa) hutokea wakati wa kufunga, si wakati wa kazi. Kifaa kinachomolewa, kiendeshi kinaanza kurudisha kila kilichokuwa kimekichukua, yaani kumbukumbu, vipima muda na foleni za kazi, na kabla usafi huo haujakwisha uzi mwingine, yaani mfululizo mwingine wa utekelezaji, kwenye prosesa nyingine unagusa kitu ambacho kimekwisha kurudishwa. Matokeo hutegemea ni uzi upi umetangulia, na ndiyo maana kasoro hizi hujificha kwa miaka. Hitilafu iliyosajiliwa katika orodha ya umma ya kasoro za usalama kama CVE-2016-8655, iliyogunduliwa na Philip Pettersson, ilikaa ndani ya kerneli, kiini cha Linux, tangu mwaka 2011 hadi 2016: uzi mmoja uliweza kubadilisha toleo la soketi ya pakiti (mlango wa programu kwenye pakiti za mtandao) huku mwingine ukiiandalia kipima muda, na soketi ilipofungwa, msimbo wa usafi uliona toleo la zamani, ukadhani hakuna kipima muda cha kuzima, ukaiachilia kumbukumbu kikiwa bado hai. Dawa ilikuwa kuiwekea soketi kufuli, ili uzi mmoja tu uiguse kwa wakati mmoja, katika njia zote mbili.

KASAN ni chombo cha kunasa miguso ya namna hiyo. Kimo ndani ya kerneli yenyewe tangu toleo la 4.0 la mwaka 2015, kwa kazi iliyoanzwa na Andrey Ryabinin, kwa hiyo hakinunuliwi wala hakipakuliwi pembeni. Unawasha chaguo la CONFIG_KASAN, unajenga kerneli upya, basi. Katika hali yake ya kawaida, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) hupachika ukaguzi kwenye usomaji na uandishi wa kumbukumbu, na kila baiti 8 huwekewa baiti 1 ya kivuli inayoeleza kama zinaruhusiwa kuguswa. Gharama yake haifichwi: thumuni ya kumbukumbu huondoka tangu mashine inapowaka, na maelezo ya usanidi yanakadiria kwamba kasi hupungua kama mara tatu. Kwenye kompyuta yangu ya majaribio yenye GB 8 gharama hiyo nimeibeba bila shida.

Thamani yake niliiona kwenye kiendeshi nilichokiandika mwenyewe, cha kifaa kidogo cha kupima joto kinachochomekwa kwenye USB. Kipima muda kilipofika wakati wake kiliweka kazi kwenye foleni; kazi ile ilisoma kifaa, kisha ikakiwasha tena kipima muda. Kifaa kilipochomolewa, mara nyingi mambo yaliisha salama. Mara chache mashine ilianguka baadaye kabisa, ndani ya msimbo wa mfumo wa faili ambao hauna uhusiano wowote na joto, kwa sababu kumbukumbu niliyoiachilia ilikuwa imekwisha kugawiwa mtumiaji mwingine. Nilipoteza siku tatu nikikagua msimbo usio na kosa.

Nilipowasha KASAN na kukifunga na kukifungua kiendeshi usiku kucha kwa kuandika kwenye faili za bind na unbind, ambazo kerneli huzitumia kuunganisha na kutenganisha kiendeshi na kifaa, asubuhi nilikuta ripoti moja. Sehemu yake ya kwanza ilionyesha aliyegusa: msimbo wa kerneli unaoendesha vipima muda. Ya pili ilionyesha mahali kumbukumbu ilipochukuliwa, na ya tatu mahali ilipoachiliwa, ndani ya funksheni yangu ya kukatisha kifaa. Chini kabisa kulikuwa na safu za baiti za kivuli, fb fb fb fb, alama ya kitu kilichokwisha kuachiliwa, pamoja na mshale ulioelekeza baiti iliyoguswa. Lakini kilichonifungua macho ni sehemu ambayo wengi huiruka: KASAN huandika pia mahali kazi ilipowekwa kwenye foleni mara ya mwisho. Hapo niliona mzunguko mzima, kipima muda kikiita kazi na kazi ikikiamsha kipima muda.

Mimi nilikuwa nimezima kipima muda kwanza kwa timer_delete_sync, kisha nikafuta kazi kwa cancel_work_sync, kisha nikaachilia kumbukumbu. Kazi iliyokuwa bado inaendelea ilikiwasha tena kipima muda nyuma ya mgongo wangu. Kugeuza mpangilio hakusaidii, kwani kipima muda nacho kinaweza kuirudisha kazi kwenye foleni baada ya kufutwa. Suluhisho la kweli ni timer_shutdown_sync, iliyoingia katika Linux 6.2 mwaka 2023: hukisubiri kipima muda kimalize, kisha hukifunga kisiweze kuwashwa tena na yeyote. Baada yake ndipo kazi hufutwa, na kumbukumbu huachiliwa mwisho.

Hapa ndipo ninapoona upungufu mkubwa wa chombo hiki, na ninausema kwa uzito. Ripoti humwonyesha mtu mstari wa kuachilia kumbukumbu, naye hushawishika kuusogeza mstari huo chini kidogo au kuongeza kuchelewa, ripoti zikakoma, naye akaamini amemaliza. Hajamaliza. KASAN huona mguso uliotokea tu. Mbio, yaani migongano ya nyuzi, ambazo hazikutokea usiku ule hazimo. Tena vitu vilivyoachiliwa hukaa karantini kwa muda, na karantini hiyo ni sehemu ndogo tu ya kumbukumbu ya mashine. Kitu kikishatoka humo na kugawiwa upya, mguso wa kuchelewa utaonekana halali. Ukimya wake usichukuliwe kuwa ni cheti.

Lalamiko dogo ni kwamba kwa kawaida huandika ripoti ya kosa la kwanza pekee, hadi uwashe kerneli kwa kasan_multi_shot. Hilo lilipaswa kuelezwa mapema zaidi katika maelekezo yake.

Kwa vipima muda hasa, ningemshauri mwenzangu asikitumie peke yake. Chaguo la CONFIG_DEBUG_OBJECTS_FREE pamoja na CONFIG_DEBUG_OBJECTS_TIMERS hulalamika pale pale kumbukumbu inapoachiliwa ikiwa na kipima muda kilicho hai ndani yake, bila kungoja kilie, na vyote hivi huishi pamoja katika kerneli moja. KCSAN, ambacho hutafuta nyuzi mbili zinazogusa data moja bila mpangilio kwa kuichelewesha moja kidogo, kinahitaji kerneli ya pili, kwa sababu hakikubali kuwashwa pamoja na KASAN.

Kwa anayeandika kiendeshi chochote chenye kuchomekwa na kuchomolewa, ninakipendekeza bila kusita, na ningetaka kiwashwe tangu siku ya kwanza ya kuandika badala ya kungoja mashine ianguke. Kisiwekwe katika hali hii kwenye mashine za wateja. Kwa mashine za arm64 (aina ya prosesa za ARM za biti 64) zenye prosesa inayoweka alama kwenye kumbukumbu ipo hali nyepesi zaidi, iliyokusudiwa kazi hiyo. Kiendeshi changu bado nakijaribu kwa kerneli yenye KASAN kila ninapogusa funksheni ya kukatisha kifaa, hata nikibadilisha mstari mmoja tu.